Wembamba sio kinga ya presha ya macho: barua kwa wanakikoba wenzangu wa Ngamiani

Wanangu, wadogo zangu na mashoga zangu wa kikoba chetu, assalaam aleykum. Hii naiandika wazi kila mtu asome, maana juzi kwenye mkutano nimesikia eti presha ya macho, yaani glakoma, ni ugonjwa wa wanene, sie wembamba tumesalimika. Nani kawaambia? Mie nimefanya unesi mpaka nimestaafu, bora niseme kabla mtu hajapofuka na maringo ya kiuno chake.

Mnachojua nyie ni kwamba glakoma ni presha ya ndani ya jicho kupanda, na ni kweli, ila hiyo ni nusu. Nyuma ya jicho ile neva inayokwenda kwenye ubongo inapita kwenye kiwambo chembamba chenye matundu, mbele yake kuna presha ya jicho, nyuma yake kuna presha ya yale maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, na kile kiwambo ni kama pazia la mlangoni, upepo wa barazani ukiushinda wa uani linavimbia uani. Kwaiyo unaweza ukapimwa jicho likasoma 17, namba nzuri kabisa maana kawaida ni 10 mpaka 21, kumbe huku nyuma maji yana presha ndogo mno na neva inaumia hivohivo. Hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani mwaka 2008 walirudia mafaili ya watu waliochomwa sindano ya mgongo, ile inayopima hayo maji, wenye glakoma presha ya maji yao ilikuwa wastani wa 9 hivi, wasio nayo 13.

Sasa hiyo presha ya maji ukivuka miaka 50 inaanza kushuka pole pole, ukifika 90 na kitu karibu robo imeshaondoka. Alafu mwembamba huwa nayo chini kuliko mnene. Haya, bibi kizee mwembamba kama mie jumlisheni wenyewe! Sisemi kila mwembamba ataugua, wataalamu wenyewe bado wanabishana, ila msijione mmepona. Tena sie weusi glakoma inatuwahi, Kongwa kule Dodoma walipima watu wa miaka 40 kwenda juu wakakuta kama 4 katika kila 100 wanayo.

Na nyie mabinti msikimbilie vitumbua mkasema unene ni dawa. Walionenepa wakiwa umri wa kuzaa ndo hasa wanaopata maji ya ubongo kuzidi presha, kichwa kila siku, sikioni unasikia mapigo ya moyo, ukiinama macho yanaingia giza sekunde chache, na neva ileile inavimba. Hiyo sio ya kumalizia na panadol, nenda hospitali.

Glakoma yenyewe haina kelele. Kuna jirani yangu mdarizi wa kofia, uzi anatunga kwenye sindano bila miwani, lakini bajaji inayotokea kushoto haioni mpaka ipige honi, na kikombe cha chai anakiweka nusu nje ya meza, wajukuu wanacheka tu bibi kazeeka. Kuja kupimwa, upande uliopotea haurudi tena, anatia matone kila siku ili kilichobaki kibaki.

Mwenye 40 na zaidi, hasa ambaye mama au kaka yake alipofuka taratibu, usiridhike kuambiwa presha ya jicho iko sawa. Omba waangalie neva na wapime unavyoona pembeni. Sindano ya mgongo msiende kuidai, glakoma haipimwi hivo. Na yale matone mnayojinunulia duka la dawa jicho likiwasha, mengine yana steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, ukitia miezi yanapandisha presha ya jicho, acheni.

Jumatatu nakwenda hospitali ya Bombo, anayetaka aje kwangu saa moja asubuhi. Njooni na kadi ya bima na chupa za dawa mnazotia, na mtu wa kukurudisha, maana wakikutanua mboni unaona ukungu kwa masaa, wenye meza sokoni siku hiyo muweke mtu wa kuhesabu chenji.