Barua kwa Mwajuma, kuhusu nyumba ya Isevya

Shoga yangu Mwajuma,

Hujambo mwenzangu, shemeji hajambo, na wanao hawajambo? Sisi huku Mbagala tunashukuru Mungu, joto tu ndo linatutesa. Baba Nasra yuko safarini na lori tangu juzi, kaelekea Tunduma, watoto wamelala, nikasema leo lazima nikuandikie. Najua umezoea voisi zangu lakini hili nikianza kuliongea sauti inakatika, afu na wewe huko Mwanza unaanza kulia, tunaishia kuulizana bei ya dagaa na mazungumzo yenyewe hatujafika nayo popote. Acha niandike tu.

Nyumba yetu ya Isevya, kule Tabora, inauzwa. Tulikaa kikao cha familia wote sita, wengine kwa simu, tukakubaliana. Sina ugomvi na mtu, kaka mkubwa kaongea vizuri sana, kasema mama hayupo, bati linavuja, wapangaji wanakuja na kuondoka, na mirathi ikicheleweshwa ndo watoto wetu watakuja kugombana. Ni kweli. Nilisaini. Ila usiku wake sikulala, maana nilikuwa najiuliza hivi Nasra na Idi watakuja kuijuaje ile nyumba? Idi mara ya mwisho kwenda Tabora alikuwa ananyonya.

Basi Desemba nikawabeba. Nilidunduliza hela ya mchezo, tukapanda ile treni mpya ya umeme mpaka Dodoma, afu kutoka Dodoma tukachukua basi. Wallahi Mwajuma, asubuhi uko Dar, jua halijawa kali ushafika Dodoma! Nikawaambia enzi zetu ukitoka Dar na treni unalala njiani, unaamka bado uko njiani, na ikifika Saranda watu wote vichwa nje madirishani wananunua kuku, behewa zima linanuka kuku wa kuchoma na ndimu. Nasra akaniuliza, sasa mlikuwa mnafanya nini muda wote huo? Nikamwambia tulikuwa tunaongea. Akaniangalia kama nimemwambia tulikuwa tunaruka angani.

Nyumba tuliikuta imesinyaa. Au sisi tumekua, sijui. Ule uwanja tuliokuwa tunachezea rede nilikuwa naukumbuka kama uwanja wa mpira, kumbe hatua ishirini umemaliza. Ila mwembe upo! Umezeeka, tawi lile la upande wa kwenu walishalikata, lakini tulikuta umezaa mpaka maembe yanaoza chini, na nzi wake walewale. Idi alikaa kwenye mizizi akala maembe saba, nilihesabu, mpaka shati likawa halitamaniki, na mimi sikumkataza. Nilimwambia bibi yako alikuwa anasema miembe yote ya Tabora mjini ilitokana na kokwa za watu wa misafara, wale waliokuwa wanapita zamani kwenda Ujiji, wanakula huku wanatembea na kutupa kokwa njiani. Akaniuliza na sisi tukitupa hapa itaota? Akazifukia tatu kwa mkono wake pale karibu na choo. Anayenunua nyumba atajua mwenyewe.

Nikawapeleka stesheni pia. Nikawaonyesha pale tulipokuwa tunasimama mimi na wewe na mabeseni yetu. Unakumbuka? Treni ikiingia inakatwa, mabehewa ya Kigoma huku, ya Mwanza huku, abiria wanakaa masaa na njaa zao, na sisi ndo tunapata soko. Wewe mayai ya kuchemsha na chumvi kwenye kikaratasi, mimi maembe na karanga. Na baba, gadi wa treni, akishuka kwenye behewa la mwisho na bendera zake kwapani, ananipita kama hanijui maana yuko kazini, afu akifika mbele anageuka anatoa kofia mara moja. Yaani kile kitendo tu, kutoa kofia na kuirudisha. Nilikuwa naweza kuishi nacho wiki nzima mpaka zamu yake inayofuata.

Watoto walisikiliza, lakini nakwambia ukweli, kilichowashika siyo hicho. Kilichowashika ni taa. Tulipokuwa tunapanga vitu vya mama chumbani, chini ya kitanda kulikuwa na kitu kimeviringishwa kwenye kanga kuukuu, nikafungua, ni taa ya baba ya ugadi! Ileile ya mafuta ya taa, unazungusha pale juu inakuja nyeupe, unazungusha tena nyekundu, afu kijani. Kioo cha kijani kimepasuka pembeni lakini kipo. Na harufu, Mwajuma. Harufu ya baba anaporudi saa tisa usiku, mafuta ya taa na moshi na vumbi la reli, na mama anafungua mlango kabla hajabisha maana alishasikia honi. Nilikaa chini sakafuni na ile taa mapajani nikashindwa kuinuka. Idi akaja akaichukua taratibu, akaizungusha, kijani, nyekundu, kijani, akaniuliza, ya kwenda ni ipi? Nikamwambia kijani. Akaiacha kwenye kijani akairudisha mapajani kwangu. Hakusema kitu kingine. Miaka tisa yule mtoto.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe lililonifanya nikuandikie.

Kwenye lile sanduku la bati la mama, chini kabisa, chini ya vitenge na vyeti vyetu vya darasa la saba, Nasra alitoa kadi ya kliniki. Zile za zamani, zenye mstari wa uzito, kila mwezi nesi anaweka nukta, afu nukta zinaungwa. Akaisoma jina. Saidi. Akasema mama, huyu nani? Nikanyamaza. Akafuatisha zile nukta na kidole, zinapanda, zinashuka kidogo, zinapanda tena, mpaka mwezi wa ishirini na mbili, afu karatasi ni tupu. Akauliza, mbona zimeishia hapa?

Miaka kumi na tatu nimemlea yule binti, nimemsimulia mambo ya Isevya kila siku, treni, maembe, redio ya baba na zile ngoma za taarifa ya habari ya saa mbili ambapo hata mtoto mchanga anatakiwa anyamaze, mama anatwanga karanga za kuungia mboga ya nsansa, mvua kwenye bati na sisi tumejazana kitanda kimoja, bibi anasema hadithi hadithi na sisi tunaitika hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Vyote hivyo anavijua kama vile alikuwepo. Na Saidi sikuwahi kumtaja hata siku moja. Akaniuliza na hilo pia, ana mdomo kama wa mama. Kasema, kwa hiyo tulikuwa na mjomba na hamkutuambia?

Sikuwa nimedhamiria kumficha, naapa. Ni vile kwetu hakutajwa. Baada ya surua ile ya mwaka 1986 mama alikunja nguo za Saidi akazigawa, na baba akaomba safari mfululizo, na sisi watoto tukaelewa bila kuambiwa. Nilikuwa na miaka saba. Tukakua hivyo, tukaoa, tukaolewa, na kwenye msiba wa mama mwaka juzi wakati shekhe anauliza marehemu kaacha watoto wangapi kaka akasema sita, na hakuna aliyeongeza neno. Mimi nilisikia pengo pale, sijui kama wengine walisikia.

Sasa nimewaza sana toka Desemba. Mimi nataka wanangu wawe na vitu vya kushika mioyoni, ndo maana nawalazimisha Jumapili tukande chapati wote hata kama ziko kama ramani, ndo maana baba yao akirudi safari nawaambia waende kumpokea kule anakopaki lori, wasimsubiri ndani. Na vingine vinaingia vyenyewe. Unajua Idi kaniuliza nini juzi? Mgao wa umeme utarudi lini! Ule wa mwishoni mwa 2023, kabla bwawa la Mwalimu Nyerere halijaanza kutoa umeme, sisi watu wazima tulikuwa tunalia vyakula vinaharibika kwenye friji, kumbe yeye alikuwa anasubiri giza, tukatandike mkeka uani, tuwashe tochi ya simu, baba yao atengeneze sungura na mbwa kwa vidole ukutani, na mimi nisimulie. Kwake ule ndo ulikuwa wakati mzuri. Nikacheka, afu nikaenda jikoni nikafuta machozi, maana mimi na wewe utoto wetu wote ulikuwa hivyo, koroboi na kivuli ukutani.

Lakini nikiwapa matamu peke yake, naona kama nawapa nusu. Ile nyumba ilikuwa ya furaha kwa sababu kuna watu wawili waliamua kila asubuhi kuamka na kuendelea, na mimi sikulijua hilo mpaka nimekuwa mama. Mama aliweza kucheka tena. Unakumbuka kicheko chake? Mpaka jirani wa tatu anasikia. Kumbe ile kadi aliiweka miaka yote hiyo, kahama nayo vyumba, kabadilisha masanduku, na hakumwonyesha mtu. Nataka Nasra alijue hilo. Bibi yake alikuwa na vyote viwili ndani ya mwili mmoja.

Sasa shida yangu ni kwamba sina cha kuwasimulia kuhusu Saidi. Nikitafuta napata shati la njano. Nalo kaka anasema siyo shati ilikuwa gauni langu la zamani, mama alilikata. Dada anasema alikuwa hajaanza kuongea, mimi nina uhakika alikuwa ananiita Ura, maana Zuhura ilimshinda. Au nimelitunga mwenyewe? Ndo kinachoniuma, sijui.

Ila wewe ulikuwa na miaka kumi. Na wewe ndo ulikuwa unambeba. Mama yangu akienda shamba, wewe ndo unafungiwa mgongoni na kanga, unacheza kombolela naye hivyohivyo, ukikimbia anacheka kwa kwikwi, hicho nakikumbuka, kile kicheko cha kuruka ruka kinachotoka mgongoni kwako. Nakikumbuka kwa masikio, sura yake siioni.

Kwa hiyo nakuomba Mwajuma, kaa siku moja, siyo haraka, uniandikie. Chochote. Alikuwa mzito? Alikuwa analia usiku? Meno yake ya mbele yalikuwa na mwanya kama ya baba, au hapana? Alikuwa anapenda nini, maana Nasra ndo swali lake la kwanza hilo, alikuwa anapenda kula nini. Na kama unakumbuka siku yenyewe pia niandikie, usinionee huruma, mimi siku ile nilipelekwa kwenu na mama yako akatupa uji na akafunga mlango, sikuona kitu. Mama yako bado anakumbuka vizuri? Muulize na yeye, mpe salamu zangu nyingi, mwambie nampigia Ijumaa baada ya swala.

Nyumba tunakabidhi mwezi wa nane. Kaburi la Saidi kaka anasema analijua, ni kule kwa babu, chini ya mkwaju, halina alama. Mimi na kaka tumepanga kwenda kuweka alama kabla ya kukabidhi funguo, na watoto nitawabeba tena hata kama ni kwa kukopa. Ukiweza kutoka Mwanza tukutane pale. Nauli ikiwa tatizo niambie mapema tusaidiane.

Taa nimekuja nayo Mbagala. Nimenunua utambi, bado natafuta fundi wa kile kioo cha kijani. Kadi Nasra kaomba akae nayo yeye, kaiweka kwenye daftari lake la historia ili isikunjike.

Nijibu hata kwa mafungu mafungu, usisubiri mpaka imekamilika.

Wako,
Zuhura
(au Ura, kama na wewe ulikuwa unamsikia akiniita hivyo, niambie)