Mbona rangi imeshika mkeka lakini tisheti imeikataa?

Karibu kila wiki kuna mtu anarudi dukani amekunja uso, mkononi ana tisheti ya pamba iliyotakiwa kuwa majenta sasa ni pinki ya mabaka mabaka, anasema rangi yenu feki, wakati dada yake alinunua hiyohiyo akapikia ukindu wa mikeka na mikeka inawaka mpaka majirani wanauliza. Sio feki mama, ni pamba yako haina pa kuishikia.

Hizi rangi za unga tunazopima kwa kijiko, zile kali za majenta, zambarau na kijani cha kung'aa, viwandani zinaitwa rangi besiki. Ukiziyeyusha kwenye maji ile sehemu yenye rangi inabaki na chaji chanya, kwa hiyo inatafuta kitu chenye chaji hasi iking'ang'anie. Ukindu, rafia na gunia la juti vina asidi zake za asili mle ndani, vinaipokea bila kubembelezwa, sufu ya kondoo na hariri vilevile. Pamba safi haina karibu chochote cha hivyo. Unaikumbuka GV, ile dawa ya zambarau tuliyokuwa tunapakwa mdomoni utotoni? Nayo ni rangi besiki, ndio maana ikigusa kidole unatembea nayo siku kadhaa, inashika protini za ngozi.

Na rangi ya kwanza ya kiwandani kupata soko ilikuwa ya ukoo huu. Mwaka 1856 huko London, kijana wa miaka 18 anaitwa William Henry Perkin alikuwa anahangaika kutengeneza kwinini ya kutibu malaria, akaambulia uchafu mweusi, kuusafisha kwa spiriti ikatoka zambarau. Malaria ikabaki palepale, yeye akafungua kiwanda cha rangi.

Sasa pamba inaweza kudanganywa. Zamani viwandani waliiloweka kwanza kwenye tanini, na tanini unaijua hata kama jina ni geni, ni ule ukakasi wa chai kavu unaokausha ulimi, pia imejaa kwenye utomvu wa matoke unaokuachia madoa kwenye gauni lako la gomesi ukimenya bila aproni. Pika majani ya chai mazito bila sukari, loweka kitambaa usiku kucha, kamua, alafu ndio ukitie kwenye rangi. Itashika ila itakuwa na ukahawia kidogo kwa chini, na kufua kila wiki siahidi. Kwa tisheti mimi nitakuuzia rangi ya reaktivu, ile inayojifunga yenyewe na uzi wa pamba, inagharimu zaidi lakini hutarudi kunigombeza.

Uzi wa sweta ni habari nyingine, mwingi ni akriliki, uzi wa kiwandani unaoiga sufu, na hapo rangi besiki ndio kwao kabisa, inashika vizuri na jua haiisumbui sana. Shida ni moto. Ukiwa chini ya digrii 75 hivi uzi unakaa tu kama haujali, ukipita hapo unaanza kunywa rangi kwa fujo, na ikishaingia haihami tena, baka likitokea ni la milele. Kwa hiyo sigiri iwe na makaa machache, pandisha polepole, geuza geuza, na ukimaliza acha ipoe yenyewe.

Makosa mengine tunayoyaona sana. Mama mmoja alitia magadi kwenye sufuria sababu bibi yake alitia kwenye rangi za mizizi, zambarau yote ikafifia, hizi hazipatani na magadi wala majivu, zinataka siki kidogo, ile vinega ya kachumbari. Kanda unga na siki kwanza uwe uji ndio umwage maji ya moto, la sivyo unapata vidonge na madoa. Sabuni nayo suuza yote iishe kabla hujaanza, ina chaji hasi, inaikamata rangi na kugandia chini. Usichanganye pia na rangi za aina nyingine kwenye sufuria moja, sababu ni hiyohiyo. Ukindu kilo 1, anza na gramu 10 uone.

Na ukweli mwingine, mkeka wa ukindu ukianikwa juani kila siku utapauka, hakuna duka litakalokuzuilia hilo, wa sebuleni unadumu zaidi. Vaa glavu na funika pua wakati wa kupima, unga unaruka. Sufuria ya rangi isirudi jikoni kamwe, na usidanganywe na mtu anayetia hizi kwenye juisi au keki, haziruhusiwi kwenye chakula.

Kama hujui kitambaa chako ni nini njoo na nyuzi mbili tatu tuzichome hapo mlangoni: ikinuka karatasi ni pamba, ikinuka nywele ni sufu au hariri, ikiyeyuka na kuacha kigololi kigumu cheusi ni uzi wa kiwandani, huenda akriliki. Kiberiti ni chetu.