Barua kwa Rehema kuhusu maji ya tumbo

Tanga, 14 Juni

Shoga yangu Rehema,

Salaam nyingi. Huku wazima, isipokuwa mbu. Barua yako imefika, na nimecheka: eti mganga mfawidhi wenu anataka mashine ya kupima prokalsitonini, ile alama ya damu inayopanda bakteria wakivamia mwili, ili ajue kama maji ya tumbo ya wagonjwa wa ini yameingiliwa na vijidudu. Anunue akitaka, lakini asianzie hapo.

Mwezi uliopita alilazwa mzee mmoja, ini limesinyaa kwa homa ya ini B, tumbo limewamba kama ngoma. Homa hana, maumivu hana. Mkewe alilalamika tu kwamba tangu jana anaongea na watu waliokwishakufa. CRP, protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na maambukizi, ilipanda kidogo, wodini wakaona si kitu. Wamesahau kwamba protini ile hutengenezwa na ini lenyewe. Ini lililochoka litapigaje kengele kubwa? Bahati daktari wa zamu alivuta maji hivyo hivyo.

Yaliniingia mkononi saa mbili usiku, meupemeupe kama maji yaliyooshewa mchele. Nikachovya kijiti cha kupimia mkojo, na kabla ya dakika mbili kiraka cha seli nyeupe kikawa zambarau. Kijiti kinakuamsha tu, si hukumu: kikikaa kimya, bado uhesabu, maana hupitwa na wagonjwa wengi. Kwenye darubini nikapata neutrofili, zile seli nyeupe zinazopigana na bakteria, 1,140 kwa milimita moja ya ujazo. Mpaka wetu unaujua, 250: zikifika hapo, tunahesabu maji yameambukizwa. Dawa ikaanza usiku ule ule bila kungoja majibu ya kuotesha vijidudu, na vizuri hawakungoja, kwani hakikuota kitu. Vijidudu humo huwa vichache mno. Waambie madaktari wenu wamimine maji kwenye chupa za kuoteshea damu pale pale kitandani, mililita 10, wasikuletee kwenye sindano saa mbili baadaye.

Kuhusu hizo alama mpya za maambukizi ulizoniuliza: kalprotektini na laktoferini hutoka ndani ya neutrofili zenyewe, kwa hiyo zikipimwa kwenye maji ya tumbo hurudia karibu yale yale unayoyaona kwenye darubini. Zina faida usiku ambao hakuna wa kuhesabu. Prokalsitonini ya damu inakutia shaka kwamba pana bakteria, ila haikuambii wako tumboni au kifuani.

Sampuli ikija na damu, katika hesabu yako toa neutrofili 1 kwa kila seli nyekundu 250. Na limfosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe, zikitawala, wafikirie kifua kikuu.

Baada ya siku mbili maji ya yule mzee yalivutwa tena: neutrofili 310. Jioni yake yule mama akapita dirishani kwangu kusema mzee ameomba uji, tena ametaka uwe na ndimu.

Ile chemba yenu ya kuhesabia seli, mistari bado inaonekana? Kama imefutika niambie, ninayo moja ya akiba, nitampa dereva wa basi la Jumamosi.

Wabusu watoto.

Wako,
Mwanahawa