Risala ya Wanafunzi wa Udaktari wa Binadamu kwa Mgeni Rasmi Kuhusu Somo la Takwimu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Kitivo, wahadhiri wetu, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kukubali kuja kufunga wiki yetu ya utafiti, na kwa heshima zote tunaomba utusikilize kuhusu somo la takwimu.

Wengi wetu tulichagua PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) kidato cha tano tukiamini kwamba hesabu tumezipa mkono wa kwaheri, na BAM, yaani hisabati ya msingi ya kidato cha tano na sita, tuliisoma kwa sababu ilikuwa lazima. Takwimu zilipotukuta chuoni tulizipokea shingo upande: tulikariri kanuni, tukafanya mtihani, tukasahau. Mifano ya sarafu na mipira ya rangi haikusaidia, kwani mwanafunzi mwenye hamu ya kuingia wodini haoni mpira mwekundu unamhusu vipi mgonjwa.

Mtazamo wetu ulianza kugeuka mhadhiri wetu alipotuletea utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011. Ulihusu watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, ambao kwa mazoea ya tiba walistahili kutundikiwa maji kwa kasi (wenye kuharisha hawakuhusishwa). Katika watoto zaidi ya 3,100, waliofariki ndani ya saa 48 walikuwa takriban asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya kasi, na asilimia 7.3 tu ya wasiopewa. Ajabu ni kwamba baada ya saa moja, waliopewa maji ndio walioonekana kupata nafuu zaidi. Daktari aliyesimama kando ya kitanda, hata awe bingwa, angeondoka ameridhika. Tofauti ya watoto watatu katika kila mia haionekani kwa macho yake.

Siku hiyo hakuna aliyeuliza kama jedwali la matokeo hayo litatoka kwenye mtihani.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunaomba somo hili lifundishwe kwa kumbukumbu halisi za hospitali zilizoondolewa majina ya wagonjwa, na lirudiwe mwaka wa nne, tunapoanza kuandaa tafiti zetu, badala ya kuishia mwaka wa pili. Programu ya R, ya kuchambulia takwimu kwa kompyuta, hupatikana bure. Tunachokosa ni kompyuta, kwa kuwa kwa sasa wanafunzi wanne hukaa mbele ya moja, na anayejifunza kwa kweli ni yule aliyeshika kipanya.

Tunaomba kuwasilisha.