Mhariri, Charley Pride mmemwacha wapi?

Mhariri, pokea salamu. Nimesoma makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu mastaa wa kantri wanaopendwa hapa Kenya, nikafika mwisho nikarudi juu tena nikidhani labda nimeruka mstari. Jim Reeves yuko, Kenny Rogers yuko, Dolly Parton yuko, Don Williams yuko, Charley Pride hayuko! Halafu mwandishi wenu anasema kantri ni muziki wa wazungu sisi tumeuazima tu. Hapo nikaona siwezi nyamaza.

Mimi huyo mtu amenilea. Mzee wangu alikua dereva wa lori la ngano huko Njoro na kaseti ya Charley Pride haikua inatoka kwa gari, kaseti ya kurekodiwa mtaani, haina kava, jina limeandikwa na biro, na redio ikimeza tepu tunaivuta polepole tunairudisha ndani kwa kuzungusha na biro hio hio. Miaka yote hio tulijua ni mzungu, nani angefikiria vingine? Mpaka siku tulienda kwa anko Mombasa tukapata ako na santuri orijino. Mzee akashika kava akaisogeza karibu na taa, akaangalia mbele, akageuza nyuma, akasema "kumbe huyu ni mweusi kama sisi", halafu akanyamaza kabisa, upande ukiisha anaonyesha tu na kidole anko aurudie.

Baadaye nikasoma nikapata hata Marekani ilikua vivyo hivyo, ila huko ilipangwa. 1966 kampuni ya RCA ilitoa rekodi zake za kwanza ikapeleka kwa stesheni za redio bila picha, juu waliogopa watangazaji wakiona sura hawatacheza. Sasa mwaka huo huo akapelekwa kuimba Detroit, ukumbi mkubwa umejaa watu, jina likatajwa wakapiga makofi, akatokea kwa jukwaa, makofi yakafa. Akawaambia anajua si kawaida kuona mtu mwenye rangi ya kuchomwa na jua isiyotoka akiimba kantri, watu wakacheka, akaimba, wakampigia makofi tena. Hebu fikiria ni wewe umesimama hapo na gita wakati kumenyamaza hivo.

Na hakua mgeni kwa huo muziki. Alizaliwa 1934 Sledge, Mississippi, familia ya watoto 11, baba yao akilima pamba kwa shamba la mtu wanagawana mavuno, na redio yao nyumbani inashika Grand Ole Opry, kile kipindi cha redio cha kantri kutoka Nashville. Ndoto yake ilikua besiboli, amecheza na Memphis Red Sox kwa ligi za weusi, akaishia Montana kwa kiwanda cha kuyeyusha madini, anachezea timu ya kiwanda na usiku anaimba kwa baa. Kuanzia hapo mpaka nyimbo 29 kuwa namba moja kwa chati ya kantri ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, na 1971 wenye kantri wenyewe wakampa tuzo ya mburudishaji wa mwaka. 1976 alienda akaimba Belfast, Ireland Kaskazini, wakati mabomu yanalipuka na wanamuziki wengi wanaogopa kukanyaga huko. Na hata hio banjo mnayoisikia kwa kantri ilianzishwa na watumwa Waafrika, sasa tumeazima nini?

Novemba 2020 alipewa tuzo ya heshima ya maisha, akasimama akaimba na miaka yake 86. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Disemba, Covid ikamchukua huko Dallas.

Mzee wangu bado yuko, macho yamechoka kwa hivyo wajukuu ndio humsomea gazeti lenu. Walipomaliza hio makala aliuliza kitu kimoja tu, "na Charley?" Wakakosa jibu. Kwa hivyo mkiandika tena naomba mumuweke, na muweke picha yake, iwe kubwa, mzee ataisogeza mwenyewe karibu na dirisha.

Msomaji wenu,
Nakuru