Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani kuhusu ndege zinazodunguliwa na wenzao

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu na heshima zote za cheo chako. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa barua zangu za Kiingereza, kwa ofisi ambayo sitaitaja, hujibiwa jibu lile lile: suala linachunguzwa. Huenda mkalimani wako akawa na bidii zaidi.

Mimi ni mama Mkenya, naishi Texas. Mwanangu ni baharia kwenye manowari ya kubeba ndege. Yeye ndiye huwafunga marubani mikanda kabla hawajaruka. Desemba 22, kukiwa kumebaki siku tatu Krismasi ifike, nikasikia kuwa meli yenu ya kivita USS Gettysburg imedungua ndege yenu wenyewe ya kivita, F/A-18, katika Bahari ya Shamu. Ndege hiyo ilitoka USS Harry S. Truman, meli ambayo Gettysburg ilipelekwa kuilinda! Marubani wawili walichomoka, wakaokolewa hai. Namshukuru Mungu, maana ninyi sijui niwashukuru kwa lipi. Tangu hapo presha yangu haishuki, na simu nalala nayo kifuani.

Mheshimiwa, hili si geni kwenu. Machi 23, 2003, Patriot ya Marekani, mtambo wa kurusha makombora ya kutungulia ndege, iliiangusha Tornado, ndege ya kivita ya Uingereza iliyokuwa ikirudi kambini Kuwait. Wawili wakafa. Mtambo uliidhania kombora, na ishara ya kuitambulisha ndege haikufika. Siku kumi baadaye Patriot nyingine ikamuua rubani wenu wenyewe huko Iraki. Ripoti zikaandikwa, mapendekezo yakatolewa. Yako kabati gani?

Mwaka 1944 wakubwa wa Washirika, yaani Marekani, Uingereza na wenzao waliopigana na Ujerumani, walizipaka ndege zao milia myeupe na myeusi kabla ya kuvamia Normandy, Ufaransa, wenzao wasizipige. Hata hivyo, Krismasi ya mwaka huo mizinga ya Marekani ilimuua George Preddy, rubani wao hodari, akiwa anamfukuza Mjerumani. Lakini wale walikuwa na brashi na rangi, Mheshimiwa. Ninyi mna nini?

Mimi si mhandisi. Nadhani mabaharia walichoka kuvizia droni za adui usiku kucha, au mitambo ya meli na ya ndege haikusomana. Labda yote mawili. Kukisia si kazi yangu, ni yako kutueleza.

Sidai fidia wala sitaki mtu afungwe. Tangaza hadharani kilichoharibika, na kama kimerekebishwa. Usiku wa leo kuna rubani atakayerudi kutua, na mwanangu ndiye aliyemfunga mkanda. Tuambie kama kimerekebishwa.

Mama wa baharia
Texas, Januari 2025