Mpwa wangu hakufungiwa Ghana

Mhariri,

Hapa Barani, Malindi, majirani wanavumisha kwamba mpwa wangu "amefungiwa" kwenye chuo cha wamisionari wa Kimormoni kule Accra, Ghana. Uzushi! Anaamka saa kumi na mbili na nusu, anasoma maandiko, anafunzwa kufundisha. Saa nne na nusu usiku taa zishazimwa. Na huyu alikuwa haamki ila kwa kumwagiwa maji. Ninaloliona zito miye ni kuwa wawili wawili daima, hakuna kutoka peke yako. Nyumbani anapiga simu mara moja kwa wiki, siku ya kufua nguo. Kabla ya 2019 wazazi walingoja Krismasi na Siku ya Mama. Anayebisha aje amsikie mwenyewe.

Mjomba mtu,
Barani, Malindi